Orodha ya Wangojao Ibandikwe Ukutani

Kila mwaka ikikaribia Januari, Unguja hugeuka kisiwa cha mashindano. Mpira huchezwa Amaan na Mao, na viwanja vya mchanga vya mitaani na mashamba navyo havipumziki. Wakimbiaji hupita Malindi na Forodhani alfajiri, na kamati hukaa vikao mpaka usiku mwingi. Ni jambo jema. Kijana aliye uwanjani jioni hana wakati wa kupotea, na mfanyakazi aliyeshinda bandarini ana haki ya kuona mchezo mzuri baada ya kazi yake.

Lakini pamoja na furaha hiyo huja maneno mawili ambayo wasomaji wetu wengi wamepata kuyasikia mlangoni pa kamati: "Nafasi zimejaa." Vijana wamechangishana, wamenunua jezi, nahodha amepanda daladala tangu asubuhi kuja mjini na fedha ya kiingilio mfukoni, na jibu ni hilo. Akiuliza zimejaa lini, hapana ajuaye. Akiuliza zimejazwa na nani, huambiwa orodha iko kwa katibu. Akiuliza kama yafaa angoje, huenda mmoja akajitoa, huambiwa, "Acha jina lako, tutakupigia." Jina huandikwa nyuma ya bahasha, na bahasha yenyewe haijulikani iendako. Kisha siku ya ufunguzi huiona uwanjani timu ambayo wiki iliyopita haikuwa na jina popote.

Leo twataka kusema juu ya bahasha hiyo.

Kwanza tuwe wakweli kwa wenye kamati. Nafasi lazima ziwe na kikomo, na adaiye kila aombaye aingizwe hajapata kupanga ratiba. Timu 8 zikikutana kila moja na mwenzake mara moja, hiyo ni michezo 28. Zikiwa 16, watu hudhani kazi imeongezeka mara mbili; hasha, michezo huwa 120, yaani zaidi ya mara nne. Kila mchezo wataka uwanja, wataka waamuzi, wataka mtu wa huduma ya kwanza, tena wataka jua, maana viwanja vyetu vingi havina taa na magharibi ikiingia mchezo umekwisha. Masika nayo, tangu Machi hata Mei, haingoji fainali ya mtu. Kwa hiyo kamati ikisema itachukua timu 16 wala si 40, haikumdhulumu yeyote. Dhuluma huanza pale idadi hiyo inapokuwa siri, au inapopanuka na kusinyaa kwa kadiri ya ukubwa wa jina la anayebisha hodi.

Jambo hili si la Unguja peke yake, wala si geni kwa Afrika. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 kule Uingereza timu zilikuwa 16. Ulaya ilikuwa na nafasi 10, Amerika ya Kusini 4, Mexico ikaja kwa upande wa Amerika ya Kaskazini na Kati, na nafasi moja tu iliyosalia ndiyo iliyoachiwa Afrika, Asia na nchi za Pasifiki waigombanie. Mataifa ya Afrika, Ghana ya Kwame Nkrumah ikiwa mbele, yalikataa kata kata yakajitoa. Kombe likachezwa bila ya Afrika. Lakini mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, Moroko ikaichukua, na kwa mashindano ya mwaka 2026 nafasi za hakika za Afrika zilikuwa 9 katika 48. Wazee wale hawakugomba kwa kuwa nafasi ni chache. Walijua nafasi ni 16. Waligomba kwa namna zilivyogawanywa, na na nani.

Nasi Wazanzibari twaujua mlango huo vizuri. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na sisi mwaka 1949. Na yako mambo ya karibu zaidi. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilitupokea kuwa mwanachama wa 55. Mwezi Julai wa mwaka huo huo, mjini Rabat, tukatolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hoja yenyewe twawaachia wanasheria. Tusemalo ni kwamba kanuni ikiwa ipo, husomwa kabla mgeni hajavua viatu, si baada ya kukaribishwa mkekani. Desemba ya mwaka ule ule vijana wetu walifika fainali ya Challenge kule Machakos, wakashindwa na wenyeji Kenya kwa penalti tu. Kwa hiyo hapana awezaye kusema tulikosa uanachama kwa kukosa mpira. Basi aliyeonja uchungu wa namna hiyo asimwonjeshe kijana wa Donge.

Sasa, ziko nafasi 16 na waombaji 40. Nani aingie?

Njia iliyo nyepesi kwa kamati ni ya atanguliaye kufika. Kwa sura ni ya haki, kwa sababu saa haina ndugu. Lakini saa ya mjini na saa ya shamba si moja. Tangazo likibandikwa Darajani asubuhi, wa Kikwajuni na Mlandege watakuwa wamekwisha andikwa kabla ya wa Nungwi na Makunduchi, walio kiasi cha kilomita 60 kila mmoja kwa upande wake, kupata hata habari. Uandikishaji ukiwa wa simu, mwenye simu ya kisasa na mtandao wa kasi humtangulia mvuvi aliye bahari kuu na simu yake imefungwa katika mfuko wa nailoni. Ndugu zetu wa Pemba tusiwaseme. Wao wana mkondo mzima kati yao na ofisi. Kwa hiyo kamati ikipenda njia hii, na iache siku 7 kamili baina ya kutangaza na kufungua daftari, na daftari lifunguliwe siku moja na saa moja mjini na mashamba.

Sisi twaipenda zaidi kura, kwa mashindano yale ambayo kila timu ni sawa na mwenzake. Hapana aibu katika kura. London, ambako zaidi ya watu milioni 1 waliomba kukimbia mbio ndefu za mwaka 2026, mtu wa kawaida aombaye jina lake huingizwa kurani. Karatasi 40 katika kapu, mtoto wa skuli akazitoa moja moja mbele ya manahodha wote, kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Na hapa pana jambo dogo ambalo kamati nyingi hulisahau: zikisha kutoka karatasi 16 za kwanza, mkono usitolewe kapuni. Iendelee kura mpaka karatasi ya mwisho. Ya 17 ndiyo ya kwanza katika orodha ya wangojao, ya 18 ni ya pili, na kuendelea hivyo. Kwa namna hiyo orodha ya wangojao huzaliwa mahali pale pale na saa ile ile kama orodha ya walioingia, mbele ya macho yale yale, wala hapana nafasi ya bahasha.

Iko pia njia ya ustadi: aingie aliyefanya vizuri msimu uliopita, au aliyefikia kipimo. Mbio za Boston zimefuata kipimo cha muda tangu mwaka 1970. Jambo linalotupendeza kwao si kipimo chenyewe, kwani kila mchezo una chake. Ni kwamba waliofikia kipimo wakiwa wengi kuliko nafasi, wenye kasi zaidi hupewa kwanza, na tofauti hutangazwa kwa dakika na sekunde. Aliyekosa hujua amekosa kwa kiasi gani. Hurudi nyumbani na hesabu, hana haja ya kurudi na kinyongo.

Hatukatai kwamba mashindano mengine ni ya mwaliko. Kombe la Mapinduzi, lililoanza mwaka 2007, hualika wageni kutoka Bara na mara nyingine kutoka nchi jirani, na watu hujaa kwa sababu ya wageni hao. Ni haki ya mwenye karamu kualika. Lakini idadi ya viti vya wageni itajwe mapema, na idadi ya viti vya wenyeji itajwe pamoja nayo, isiwe kila jina kubwa likivuka bahari mwenyeji mmoja anainuliwa mkekani. Kumbukeni Mlandege. Klabu hiyo ya mtaa ulio mkabala na Mji Mkongwe ilichukua kombe hilo mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1, na mwaka 2024, katika Amaan iliyokwisha fanywa mpya, ikalichukua tena kwa kuifunga Simba 1-0. Mwenyeji akipewa kiti hujua kukikalia. Vile vile nafasi zitakazotengwa kwa ajili ya wanawake, au skuli, au Pemba, ziandikwe hadharani kuwa ni nafasi kadhaa, na zisipojazwa na walioandaliwa zirudi katika kapu la wote kwa siku iliyotajwa. Nafasi iliyotengwa kwa uwazi ni msaada. Ikitengwa kimya kimya, watu wana haki ya kuiita upendeleo.

Ama orodha ya wangojao, hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ajabu ni kwamba watu wetu waliijua zamani kabla ya kamati zote hizi. Nenda jioni Soko Muhogo, pale Jaws Corner, au baraza yoyote ya mji huu au ya shamba, utazame wanaocheza bao au dhumna. Wachezaji wana viti, wengine wamesimama na vikombe vya kahawa. Afikaye husema kwa sauti, "Baada ya huyu ni mimi," na wote husikia. Akifungwa mmoja huinuka, na ajaye hukaa. Awe tajiri, awe mchukuzi, awe hamali wa Malindi, zamu ni zamu. Na akijitia kuruka zamu, baraza nzima humcheka mpaka akajuta kutoka nyumbani. Hapana katibu wala muhuri, lakini mambo matatu yapo: zamu inajulikana, inajulikana kwa wote, na asiyekuwapo inapofika zamu yake hupitwa.

Hilo la tatu lina uzito wake. Mwaka 1992 Denmark ilikuwa ya pili katika kundi lake la kutafuta nafasi ya Kombe la Ulaya, nyuma ya Yugoslavia kwa pointi moja. Mwisho wa Mei, Yugoslavia ikaondolewa kwa sababu ya vita na vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na mashindano yalikuwa yaanze tarehe 10 Juni. Hapakuwa na mabishano ya nani aitwe. Wa pili alijulikana, akaitwa, akaja. Tarehe 26 Juni akaifunga Ujerumani 2-0 katika fainali, akarudi na kombe. Sasa tazama Afrika ya Kusini, Januari 1996. Nigeria, wenye kombe la Afrika, walijitoa kwa ugomvi wa kisiasa, baada ya Mandela kuulaumu utawala wa Abacha kwa kumnyonga Ken Saro-Wiwa. Guinea iliambiwa iingie badala yake, ikakataa kwa kuwa hapakuwa na wakati wa kujitayarisha. Mashindano yaliyopangiwa timu 16 yakachezwa na 15. Denmark na Guinea wote wawili walikuwa wangojao. Orodha isiyo na siku ya mwisho ya kuitana humleta mtu uwanjani hana viatu, au haimleti kabisa.

Kwa hiyo twataka kanuni iseme: atakapojitoa mmoja, wa kwanza katika orodha ataarifiwa siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi, ana siku 2 za kujibu, akinyamaza anapitwa, anaitwa wa pili, na siku 5 kabla ya ufunguzi orodha inafungwa, nafasi itakayobaki tupu ibaki tupu. Wako watakaoona hilo la mwisho ni ukali. Sisi twaona ni afadhali timu moja ipate mapumziko katika ratiba kuliko kuokota timu njiani usiku wa kuamkia mchezo, kwa sababu mwokotaji huokota aliye karibu naye.

Na kwamba mlango wa nyuma upo hata kwa wakubwa, twaujua. Mwaka 2014 Guinea ya Ikweta iliondolewa katika kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika kwa kumchezesha mtu asiyestahili. Baadaye Moroko ikaomba mashindano ya 2015 yaahirishwe kwa hofu ya Ebola, ikanyang'anywa uenyeji, na uenyeji ukapewa Guinea ya Ikweta, ambayo kwa kuwa mwenyeji ikaingia moja kwa moja na kufika nusu fainali. Hatusemi hapakuwa na sababu. Mwenye uwanja alitakiwa upesi. Lakini mtu wa kawaida akitazama mambo kama haya huambia nafsi yake kwamba kanuni ni za wadogo.

Tusiwasahau na manahodha, kwani si kila kosa ni la kamati. Ziko timu zinazoandika jina mashindano matatu kwa wakati mmoja, kisha huchagua lililo na zawadi nono, na yale mawili huyaacha bila hata salamu. Timu hiyo haikuikosea kamati tu. Imemla nafasi yake kijana aliyekuwa wa kwanza katika wangojao. Dawa yake ni amana. Kila aingiaye aweke amana pamoja na kiingilio. Akicheza michezo yake arudishiwe, akijitoa kabla ya siku iliyowekwa arudishiwe, asipotokea aikose, na mwaka unaofuata asiandikwe. Aliyeko katika orodha ya wangojao asitozwe hata senti mpaka aitwe. Kukaa na fedha za watu arobaini na hali unajua nafasi ni 16 ni biashara nyingine, haina jina la michezo.

Tena katibu ashikaye orodha asiwe na timu katika orodha. Twajua kisiwa chetu ni kidogo, na ukitafuta mtu asiye na mjomba uwanjani utatafuta mpaka kesho. Mjomba hatumkatazi. Twataka mwenye timu aseme nina timu, atoke chumbani inapojadiliwa, na kutoka kwake kuandikwe. Mwenye malalamiko apewe siku 3 za kuyaleta kwa barua, na ajibiwe kwa barua kabla ya mchezo wa kwanza, si baada ya fainali.

Liko swali moja ambalo hata katika meza yetu halikupita bila mabishano: aliyengoja mwaka huu akakosa, mwakani awe na haki ya kutangulia? Wengine husema hapana, kila mwaka na kapu lake. Sisi twaona apewe, lakini mara moja tu, na kwa sharti kwamba hakukataa alipoitwa. Timu ya kijiji iliyokosa kura miaka mitatu mfululizo hufa; vijana wake hutawanyika, jezi zikafanywa nguo za kulimia. Tukiwapa wa 17 mpaka wa 20 wa mwaka huu nafasi zao kwanza mwakani, kura bado itakuwa na nafasi 12 za kuchezea, na vijana wanne wa namna hiyo watakuwa na sababu ya kufanya mazoezi mwaka mzima.

Twajua watakaosema kwamba kamati nyingi hufanya kazi ya kujitolea, bila mshahara, na kwamba tunawaongezea makaratasi. Twawaheshimu kwa kujitolea kwao. Lakini fikirini ni saa ngapi katibu hupoteza kila msimu kujibu simu za wanaouliza, "Vipi, tumo?" Orodha ikiwa ukutani hapana haja ya kumpigia, na jioni yake atakula kwa utulivu.

Basi kabla ya daftari la msimu ujao kufunguliwa, twaomba kila kamati ibandike karatasi moja Darajani, moja Mwanakwerekwe, moja Mkokotoni, moja Makunduchi, na ipeleke moja Chake Chake ikiwa Pemba wamo. Katika karatasi hiyo iandikwe idadi ya nafasi na sababu ya idadi hiyo, siku ya kufungua na kufunga, njia itakayotumika kuchagua, nafasi zilizotengwa na kwa ajili ya nani, kiasi cha amana, siku ya kufungwa kwa orodha ya wangojao, na jina la mtu wa kuulizwa pamoja na saa anazopatikana. Chini yake iachwe nafasi nyeupe ya kutosha, kwa ajili ya majina yatakayotoka katika kapu.